Kanuni za ploti ziandikwe kabla ugonjwa mwingine haujafika getini

Mhariri,

Nimesoma sana hizi habari za nchi kukubaliana Geneva mwezi wa Mei 2025 kuhusu majanga ya magonjwa, nani atagawa chanjo, nani atapeana sampuli za virusi, na mimi sina ubaya na hayo, wacha wakubwa wakubaliane. Swali langu liko chini kidogo. Ngazi za ploti nani amezijadili? Bomba la maji pale kwa geti, choo cha floo, ufunguo wa rufu, yaani paa la juu la jengo, hayo yanazungumzwa mkutano gani? Manake 2020 korona ilipofika, sisi wapangaji hatukutawaliwa na Wizara ya Afya, tulitawaliwa na keateka, yule mwangalizi wa jengo, na karatasi yake ya kubandika ukutani.

Nikisema ploti nazungumzia hizi nyumba za kupanga za kwetu Nairobi, Pipeline, na Tassia, na Huruma kule, na Zimmerman pia, ghorofa sita saba nane zimebanana hadi ukinyoosha mkono dirishani unasalimia jirani wa jengo lingine, rumu za ten bai ten, futi kumi kwa kumi, zimepangwa zikitazamana na katikati ni korido ndefu haina dirisha hata moja, stima inawashwa saa sita mchana ndio uone mahali unakanyaga. Mwisho wa korido kuna vyoo na mabafu na hapo floo nzima inakutana asubuhi kila mtu na ndoo yake na mswaki. Watu wa flati zenye lifti na parking wanisamehe, barua hii si yao sana, ingawa nao walikuwa na vituko vyao nitavigusa.

Tukumbushane kidogo, tunasahau haraka. Mgonjwa wa kwanza hapa Kenya alitangazwa 13 Machi 2020. Shule zikafungwa siku chache baadaye. Kafyu ikaanza 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. 6 Aprili Nairobi ikafungwa, hakuna kuingia hakuna kutoka, siku mbili baadaye Mombasa, Kilifi na Kwale nazo. 6 Mei Eastleigh na Mji wa Kale wa Mombasa zikafungwa zenyewe ndani ya miji ambayo tayari ilikuwa imefungwa. Barakoa lazima, faini hadi elfu ishirini. Sasa angalia vizuri, zote hizo zilikuwa kanuni za barabara, za soko, za matatu, za msikiti na kanisa. Ukishapita geti la jengo serikali ilikuwa na amri moja tu, kaa nyumbani.

Haya, nyumbani inaishia wapi? Ten bai ten yenye baba na mama na watoto wanne ni mahali pa kulala, si mahali pa kukaa asubuhi hadi asubuhi. Korido ndiyo jikoni, korido ndiyo sebule, na shule zilipofungwa korido ikawa darasa na uwanja wa mpira wa makaratasi. Mtoto akiwa koridoni saa mbili usiku yuko ndani ama yuko nje? Mama akiweka jiko la makaa nje ya mlango ili moshi usiwaue watoto, amevunja kafyu? Mtu anaweza kuona kama nachekesha lakini usiku wa 30 Machi 2020 kule Kiamaiko mtoto wa miaka 13 alikuwa amesimama kwenye balkoni ya nyumba yao akitazama polisi wakifukuza watu chini, risasi ikampata tumboni na akafariki. Yule mtoto alikuwa nyumbani. Alikuwa ametii kila kitu alichoambiwa na rais. Kwa hivyo mtu asituambie ati mpaka kati ya nyumba na nje ni mambo madogo ya wapangaji.

Basi serikali ilipoacha hilo pengo landilodi, mwenye ploti, akalijaza. Wa kwetu alituma notisi kwa ajenti, ajenti akamtumia keateka kwa WhatsApp, keateka akaenda kwa cyber ikachapishwa kwa herufi kubwa zote kama mtu anayepiga kelele. HAKUNA WAGENI. HAKUNA MAMA FUA. GETI KUFUNGWA SAA KUMI NA MBILI NA NUSU. WATOTO WASIONEKANE KORIDO. RUFU IMEFUNGWA HADI TANGAZO LINGINE. Chini kabisa, WASIOLIPA KODI TAREHE TANO WATAFUNGIWA. Hiyo ya mwisho ilikuwa inahusiana na korona kwa njia gani mpaka leo sijaelewa. Neno maji halikuwa kwenye karatasi hiyo mahali popote. Neno mgonjwa pia halikuwepo.

Wacha nianze na maji kwa sababu hapo ndipo kanuni zote zilianguka. Kwetu maji ya kanjo, yaani ya kaunti, yanakuja kwa mgao, siku mbili kwa wiki ukiwa na bahati, zingine ni borehole ya chumvi ambayo sabuni haitoi povu hata ukisugua hadi kesho. Floo za juu presha haifiki. Sasa bomba la chini likifunguliwa jioni, ploti nzima inashuka na jerikeni za lita ishirini, na kwa sababu geti linafungwa saa kumi na mbili na nusu na pampu inazimwa wakati wowote keateka anapotaka, kila mtu anataka awe wa kwanza. Mita moja na nusu? Ukisimama mita moja na nusu kutoka kwa bomba mtu mwingine anaweka jerikeni yake hapo katikati na wewe unalala bila maji. Watu walikuwa wanagusana mabega, barakoa kidevuni ndio waweze kupiga kelele vizuri, yaani wale wale tulioambiwa tusisalimiane kwa mkono. Ukikosa hapo unangoja mkokoteni, shilingi hamsini mtungi, na huo mtungi ni wa kupika na kunywa na kuoga na kuosha choo halafu kwa redio unaambiwa nawa mikono kila saa.

Na kwa geti kulikuwa na ule mtungi wa kunawia, wa rangi ya samawati, una bomba ndogo na sabuni imefungwa kwa kamba ya nailoni isiibiwe. Wiki ya kwanza ulijazwa. Baada ya hapo ulikuwa wa kupigwa picha tu mkubwa akipita.

Unajua nani walitatua? Wamama wa floo ya tano. Walisema jerikeni ndizo zipige foleni, watu wakae kwa ngazi wakitazama kutoka juu, na kila floo ipewe muda wake, leo tano wanaanza, kesho nne, na wale wazee wawili na yule mama mwenye mimba wanachotewa na vijana. Walimwendea keateka wakaongea naye vizuri, wakampa na chai, akakubali kufungua bomba mapema kidogo. Hakukuwa na polisi wala faini wala herufi kubwa. Huo mpango ulidumu mpaka landilodi akabadilisha keateka, na yule mpya akasema hajui mambo ya foleni za jerikeni, yeye ameambiwa afungue bomba na afunge. Tukarudi kusukumana. Ndio maana nasema mambo haya yaandikwe rasmi, na yaandikwe na wapangaji wenyewe wakiwepo, manake kitu kizuri kisipoandikwa rasmi kinaondoka na mtu aliyekikubali.

Sasa rufu. Hii inaniuma hadi leo. Jengo letu mahali pekee penye hewa ni juu kabisa, pale kwa kamba za nguo na matangi. Huko upepo wa Embakasi unapiga mpaka shuka zinakauka kwa dakika chache. Watu wazima walikuwa wanapanda huko jioni kupunga hewa, mafundi wa nguo wawili walikuwa wameanza kushonea barakoa huko juu. Rufu ikafungwa kufuli. Watu wote wakarudishwa koridoni, kule kusiko na dirisha. Wakati huo huo kijana alikuwa analipwa kupulizia Jik, ile dawa kali ya kung'arisha nguo, kwenye vyuma vya ngazi kila asubuhi, koo zinatuwasha, watoto wanakohoa, halafu mtu akikohoa majirani wanamwangalia vibaya. Na Mei 2020 hiyo hiyo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo likisema kupulizia dawa barabarani na ndani ya vyumba hakupendekezwi na kunaweza kuumiza watu. Baadaye wanasayansi wakazidi kutueleza kwamba njia kubwa ya ugonjwa ni hewa tunayopumua mahali pamefungwa, vyuma vya ngazi si tatizo kubwa hivyo. Kwa maneno mengine sisi tuliosha ngazi tukaziba pua ya jengo.

Na mambo ya hewa na mabomba ya majengo hayakuanza na korona. Hong Kong mwaka wa 2003 wakati wa SARS, ugonjwa wa mapafu wa jamii moja na korona, kulikuwa na mtaa wa maghorofa unaitwa Amoy Gardens, watu zaidi ya 300 waliambukizwa pale, na jengo moja, Block E, ndilo lililoumia zaidi. Wachunguzi walipofuatilia walifika kwa matundu ya kutolea maji sakafuni bafuni. Kila tundu la namna hiyo lina bomba limejikunja chini, na hapo kwenye kona maji kidogo hubaki, hayo maji ndiyo huzuia hewa ya choo isipande kurudi chumbani. Ukikaa bila kumwaga maji hapo yanakauka, njia inabaki wazi, halafu ukiwasha feni ya bafuni inavuta hewa chafu kutoka kwa bomba la jengo zima. Nilipoelezwa hivyo na fundi mmoja wa mabomba nilienda moja kwa moja kwa bafu letu la floo. Harufu tuliyokuwa tunalaumu ni ya watu wachafu ilikuwa inatoka hapo. Kikombe kimoja cha maji kwa siku kinatosha kufunga hiyo njia. Hii ni kanuni ya ploti ambayo haihitaji bunge wala bajeti, lakini hakuna karatasi ya ukutani niliyowahi kuona imeitaja, tutaiona wapi na karatasi inaandikwa na mtu anayekaa Runda kwa matajiri ama kokote kule kwenye bafu zake nne.

Mama fua nao, wale wamama wa kufua nguo za watu kwa malipo. Notisi ilisema wasiingie kwa sababu wanazunguka nyumba nyingi. Ni kweli wanazunguka, sikatai, hatari ilikuwepo. Lakini ajenti wa kodi alikuwa anazunguka nyumba nyingi kuliko mama fua yeyote, mlango kwa mlango kuanzia tarehe tano, kitabu cha risiti mkononi, barakoa moja wiki nzima, na geti halikumfungia. Hata kwa zile flati kubwa za lifti nilizosema, mama fua na dada wa kazi walizuiwa na walinzi kwa geti lakini wageni wa gari kubwa waliingia wakipimwa joto kwa kile kibunduki cha paji la uso. Kama kanuni ni ya ugonjwa basi iangalie ugonjwa, isiangalie viatu vya mtu. Wamama wale wangeweza kufulia chini uani, hewa iko wazi, nguo zikaletwa kwa mfuko, kazi ikaendelea na watoto wao wakala.

Nije kwa mgonjwa mwenyewe, maana kila mtu anaogopa kufika hapa. Juni 2020 Wizara ilitoa mwongozo wa kuwatunza wagonjwa wa korona nyumbani kwa wale wasio na dalili kali. Wazo si baya, hospitali zilikuwa zinajaa, na karantini za serikali watu walikuwa wanalia na bili. Mwongozo ulitaka mgonjwa awe na chumba chake chenye hewa, na ikiwezekana choo chake. Chumba chake! Mhariri, mimi nilisoma pale nikacheka peke yangu. Ndani ya ten bai ten chumba chako ni upande wako wa pazia.

Floo yetu kijana mmoja alipimwa kazini akaambiwa anao. Alimwambia keateka kwa uaminifu, akiomba tu ushauri. Kabla ya jioni jina lake na namba ya nyumba yake vilikuwa kwa grupu ya WhatsApp ya ploti, na watu wakaanza kumwandikia ahame. Ahamie wapi na Nairobi imefungwa? Mtu mmoja akaandika ati choo cha floo yetu sasa ni kaburi. Nesi aliyekuwa anakaa floo ya pili alijaribu kueleza kwamba kijana akipewa bafu moja peke yake na tubaki na lile lingine tukipeana zamu, na akivaa barakoa akitoka, na mlango wa korido wa kwenda ngazini ukiachwa wazi hewa ipite, mambo yatakuwa sawa. Badala ya kusikizwa, naye akaanza kuulizwa kama si yeye analeta ugonjwa kutoka hospitalini. Aliondoka mwezi uliofuata. Mtu pekee kwenye jengo zima aliyejua kitu kuhusu huo ugonjwa.

Kilichomwokoa yule kijana ni stuli. Mama wa mandazi wa rumu inayotazamana na yake aliweka stuli ya plastiki nje ya mlango wake, asubuhi anaweka chai na mandazi, jioni anaweka ugali na sukuma, anagonga mlango na kijiti cha fagio halafu anarudi kwake. Jerikeni ya maji tulikuwa tunaiacha hapo hapo kwa zamu, wengine wetu. Akipona alitoka na kitu cha kwanza alichofanya ni kuosha ile stuli na kuirudisha. Sasa niambie, kati ya notisi ya herufi kubwa na stuli ile, kanuni ni ipi? Mimi naona kanuni ya jengo isiyosema nani atampelekea mgonjwa maji ni kufuli tu, na kufuli hata bila korona tulikuwa nazo.

Tukiwa hapo kwa kufuli. Kafyu ilileta shida ya wamama kujifungua usiku, magari hakuna, bodaboda wanaogopa rungu. Daktari Jemimah Kariuki wa Hospitali ya Kenyatta akaanzisha mpango wa Wheels for Life, mama alikuwa anapiga 1195 bure, anaongea na daktari, na ikihitajika gari lilitumwa kumchukua. Kitu kizuri sana, Mungu ambariki. Lakini gari likifika geti la ploti na geti limefungwa? Kwetu lilifika kama saa saba usiku, yule mama wa floo ya nne ameshikwa na uchungu, mumewe na shosho wake wamemshusha ngazi zote hizo gizani, kufika chini kufuli. Keateka simu imezimwa. Wanaume wakavunja kufuli na nondo. Mtoto alizaliwa salama, msichana, saa hizi yuko shule. Mwisho wa mwezi ajenti akaongeza pesa ya kufuli mpya kwenye kodi ya nyumba ya yule mama.

Na tusisahau moto. Jengo la watu mia na kitu lenye geti moja lililofungwa kwa nje usiku, mitungi ya gesi koridoni, halafu ufunguo uko na mtu mmoja anayelala fofofo. Korona au hakuna korona hilo linafaa kumfikisha mtu kortini.

Kuna watu wataniambia hizi shida ni za umaskini, kwa wenzetu walioendelea mambo yalikuwa tofauti. Haya tuende Australia. 4 Julai 2020, Melbourne, serikali ya jimbo la Victoria ilifunga maghorofa tisa ya nyumba za serikali mtaa wa Flemington na North Melbourne, watu kama elfu tatu, alasiri ile ile iliyotangazwa, polisi wamejaa kila mlango, hakuna hata muda wa kwenda dukani. Wengi mle ndani ni watu wa upande wetu huu, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, Wasudani, wengine walikimbia vita na wakiona sare wanatetemeka. Chakula kikachelewa, dawa zikachelewa, maelezo yalikuwa kwa Kiingereza kwa watu ambao hawakisomi. Waliookoa mambo ni vijana wa jamii yenyewe, wakapanga vyakula, wakapigia simu floo kwa floo kwa sababu walijua nani anakaa wapi na anakula nini. Majengo manane yalifunguliwa baada ya siku tano, lile la mwisho likakaa siku 14. Desemba mwaka huo Ombudsman wa Victoria, yaani mchunguzi wa malalamiko ya wananchi, Deborah Glass, akatoa ripoti kwamba kufungia watu papo hapo bila onyo kulivunja haki zao kwa sheria ya huko huko, na 2023 serikali ikakubali kulipa dola milioni tano za Australia kumaliza kesi. Kwa hivyo hata kwenye lifti na maji ya moto, jengo bila mpango wake mwenyewe linageuka jela siku moja tu.

Sisi Eastleigh ilipofungwa Mei ile ilikuwa iwe siku 15, ikaongezwa. Nani alilipwa kitu? Tuache hiyo.

Sasa nisiwe mtu wa upande mmoja. Landilodi naye alikuwa na lake. Nyumba zilibaki tupu watu wakirudi mashambani pindi barabara zilipofunguliwa Julai, benki ina mkopo wake, bili ya stima ya pampu inakuja. Na keateka, jamani, keateka tunamtukana lakini yule mtu analipwa pesa kidogo na rumu ya bure chini ya ngazi pale kwa mita za stima, anapokea amri kutoka juu na matusi kutoka floo zote. Ukimpa mtu kama huyo mamlaka ya daktari na ya polisi kwa siku moja usishangae akiyatumia kama mtu aliyeogopa.

Shida ni kwamba mpangaji hana kiti kwa hiyo meza. Wenye kununua flati walipata sheria ya Sectional Properties 2020, wana shirika lao la wenye nyumba, wana kanuni zao, wanapiga kura. Mpangaji wa ten bai ten ana nini? Ile Sheria ya Kudhibiti Kodi ya zamani inalinda nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na mimi nitazawadi mtu akinionyesha rumu ya 2,500 Pipeline yenye mlango unaofunga. Kwa hivyo 2020 watu waling'olewa milango kwa sababu ya kodi wakati huo huo wanaambiwa kaa nyumbani, na kule Kariobangi 4 Mei tingatinga ya serikali yenyewe ikabomolea maelfu ya watu nyumba katikati ya mvua na kafyu. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya nyumba nzuri na usafi wa kuridhisha na maji safi ya kutosha. Kiko pale, kimelala.

Ninachoomba ni kidogo. Kaunti iwe na kanuni fupi ya majengo ya kupangisha, ukurasa mmoja, ambayo kila ploti inalazimika kujaza na kubandika sasa wakati hakuna ugonjwa, na isikubalike bila sahihi ya mpangaji mmoja kutoka kila floo. La kwanza liwe maji, saa za bomba kwa kila floo na nani anachotewa. Halafu rufu, kwamba haifungwi, watu wapande kwa zamu, na mlango wa juu wa ngazi uachwe wazi mchana hewa ivutwe. Choo kipi kitatengwa mtu akiugua na floo itabanana vipi kwa vile vilivyobaki, nani anaweka chakula kwa mlango, na jina la mgonjwa lisiende kwa grupu, atakayelituma atolewe yeye kwa grupu. Ufunguo wa geti uwe na watu watatu, mmoja wao awe mwanamke, na namba zao zimeandikwa ukutani. Mama fua na watu wa deliveri waambiwe mahali pa kufanyia kazi, wasiambiwe tu hapana. Kodi isitajwe kwenye karatasi hiyo kabisa, iwe na karatasi yake. Afisa wa afya wa kaunti anayekuja kukagua hoteli na vibanda vya chipsi apande pia ngazi zetu mara moja kwa mwaka aangalie tangi, matundu ya bafuni, na kama korido ina hewa, na akikuta landilodi ameziba nafasi ya hewa akaongeza rumu mbili, amfungulie kesi.

Najua kuna wenye ploti watasema hayo ni gharama. Kikombe cha maji bafuni si gharama. Ufunguo wa pili unachongwa kwa fundi wa kando ya barabara ukingoja.

Na kwa wasomaji wenzangu wa Huruma, Kayole, Githurai, hata nyumba za Mji wa Kale Mombasa zile za korido katikati na uwanja mmoja nyuma, kama ploti yenu ilikuwa na mpango uliofanya kazi 2020, wa maji ama wa choo ama wa mgonjwa, mwandikieni mhariri auchapishe. Ile karatasi ya zamu za maji waliyoiandika wamama wa floo ya tano sina tena, yule keateka mpya aliibandua akachorea nyuma hesabu ya mita za stima.

Mpangaji,
Pipeline, Nairobi